Orodha Ni ya Nani? Kisa cha Mukuru kabla ya korona na baada yake

Kuanzia Aprili 2020, neno lililotajwa vichochoroni Mukuru, Kibera na Mathare, mitaa ya mabanda ya Nairobi, karibu sawa na korona yenyewe lilikuwa "orodha". Umeandikwa? Nani anaandika? Mbona jirani ameandikwa na mimi nimerukwa, na sote tunadaiwa kodi na landlodi mmoja? Serikali ilikuwa imetangaza kwamba kaya zilizoumia zaidi zingetumiwa shilingi 1,000 kila wiki kwa simu. Majina yalipitia kwa machifu, wazee wa mitaa na watu wa Nyumba Kumi, mpango wa usalama wa majirani. Wengine walipata, wengine hawakupata, na hakuna aliyekuja mlangoni kueleza kipimo kilichotumika. Human Rights Watch ilipotoa ripoti yake kuhusu mpango huo Julai 2021, malalamiko yaliyojaa humo ni yaleyale ya vichochoroni: vigezo havikujulikana, na waliofikiwa walikuwa wachache mno mbele ya waliostahili.

Naanza na orodha kwa sababu kisa cha Mukuru husimuliwa sana kama kisa cha ramani: wataalamu walikuja, wakazi wakashirikishwa, ramani nzuri ikachorwa. Ramani ipo kweli. Lakini nikikifuata kisa hiki tangu 2017 hadi leo, kitu kinachoamua kila hatua ni daftari. Linashikwa na nani, linaaminiwa na nani, na nani hayumo.

Tabaka tatu juu ya udongo mmoja

Mukuru ninayoizungumzia ni Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, vitongoji vitatu vilivyobanana na viwanda vya Industrial Area na kufuata Mto Ngong. (Ziko Mukuru nyingine upande wa South B, hizo tuziache.) Alfajiri utaona mkondo wa watu wakienda kwa miguu kwenye mageti ya viwanda kutafuta kibarua. Wengine ni mama fua wanaovuka kwenda Imara Daima, mafundi wa jua kali, kina mama mboga, vijana wa mkokoteni.

Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ina hati. Miaka ya 1980 serikali iliigawa kwa watu binafsi na kampuni ili waweke viwanda vidogo. Wengi hawakujenga kitu. Baadhi waliziweka hati benki wakachukulia mikopo. Huku nyuma watu wenye shida ya pa kulala wakaja, mabati yakasimama. Ndiyo maana kuna tabaka tatu juu ya udongo mmoja: mwenye hati ambaye haonekani, mwenye mabanda anayekusanya kodi bila hati, na mpangaji anayelipa. Wapangaji ndio wengi kupita kiasi. Mtu akikuambia "wakazi wa Mukuru wanasema hivi", muulize kwanza ni tabaka lipi limesema.

Na anayelipa hulipa ghali. Maji ya mtungi, umeme wa kuunganishiwa na makateli (magenge yanayouza huduma hizo), choo cha kulipia kila unapoingia. Piga hesabu kwa lita na kwa balbu, na mtu wa Mukuru hutoa zaidi kuliko mwenye mita yake Lavington, mtaa wa matajiri. Utafiti uliofanywa na wasomi wa vyuo vikuu wakishirikiana na Muungano wa Wanavijiji uliliweka jambo hilo wazi kwa takwimu, na nadhani ndio uliofungua milango ya ofisi za kaunti. Kilio cha shida maofisa wamekizoea. Hesabu inayoonyesha kwamba maskini tayari analipa, tena zaidi ya tajiri, na pesa zinaishia mfukoni mwa kateli badala ya kampuni ya maji, hiyo ni vigumu kuipa kisogo.

Milango kumi

Agosti 2017, mwezi uleule wa uchaguzi mkuu, Evans Kidero akitoka ofisi ya gavana na Mike Sonko akiingia, Kaunti ya Nairobi ilivitangaza vitongoji hivyo vitatu kuwa eneo maalumu la mipango. Kisheria ilimaanisha kwamba ujenzi mpya ungeweza kusimamishwa kwa muda usiozidi miaka miwili, na katika muda huo mpango wa eneo zima uandaliwe. Kaya zilipohesabiwa zilipita 100,000. Mashirika zaidi ya 40, yakiwemo ya vyuo, ya wanasheria, ya afya na ya fedha, yaligawanywa katika makundi ya kisekta, kila kundi likifanya kazi na idara yake ya kaunti. Upande wa mtaa, kazi ya kuwaleta watu pamoja ilibebwa na Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mabanda lililozaliwa 1996 katika mapambano ya kupinga ubomoaji, pamoja na washirika wake, Akiba Mashinani Trust na SDI Kenya.

Sasa, kaya 100,000 unaziulizaje? Nairobi tuna njia yetu ya kawaida. Tangazo gazetini, hema, viti vya plastiki, kipaza sauti, soda na mkate, na fomu ya mahudhurio inayozunguka kabla hata agenda haijasomwa. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa kuwa umma haukushirikishwa ipasavyo, na tangu hapo fomu ile imekuwa hirizi ya maofisa. Katiba ya 2010 inataka ushirikishwaji katika ibara ya 10, na tena katika ibara ya 184 inapozungumzia miji. Fomu inajibu swali la mahakama. Swali la mama aliyekuwa kibaruani siku ya kikao haiwezi kulijibu.

Mukuru walianzia mlangoni. Kaya kumi zinazopakana ziliunda kikundi kimoja chenye mwakilishi. Vikundi kama kumi vikafanya kundi la kaya mia. Makundi hayo yakajumuika katika kanda, na kanda ndizo zilizokaa na wataalamu. Utaratibu huo waliuita Tujuane Tujengane, na mpangilio wa maneno hayo mawili si wa bahati nasibu: kujuana kumetangulia. Kwenye mtaa ambako mpangaji huhama akishindwa na kodi ya miezi miwili, mtu anaweza kuishi mwaka mzima asijue jina la aliye nyuma ya bati.

Msomaji wa Nairobi atauliza: hiyo si Nyumba Kumi tu iliyopakwa rangi mpya? Umbo linafanana. Nyumba Kumi yetu ilishika kasi baada ya shambulio la Westgate la 2013, tukiazima jina kutoka Tanzania, ambako balozi wa nyumba kumi alikuwa kiungo cha chama tangu enzi za TANU. Kazi yake hapa ni usalama, na habari hupanda: kutoka mlangoni kwenda kwa mzee, kwa chifu, na juu zaidi. Tujuane Tujengane ilikusudia habari zipande na kushuka. Mwakilishi alipeleka madai ya milango yake kumi, kisha akatakiwa arudi kueleza yamekubaliwa nini na yamekataliwa nini. Kurudi ndiko kugumu, na ndiko mashirika mengi hukwepa. Kila mtu yuko tayari kubeba maoni ya watu. Kurudi jioni na jibu baya mbele ya majirani kumi kunahitaji moyo.

Upande wa barabara ndiko naona faida ya njia hii waziwazi. Ukichukua vipimo vya kawaida vya wataalamu wa mipango miji ukavitandaza juu ya Mukuru, upana wa njia peke yake unafukuza maelfu ya familia. Mchoraji aliye ofisini huona mstari. Mwenye mlango huona kitanda chake kiko juu ya mstari. Mpango uliotoka ulivibana vipimo ili njia zipite na watu wengi iwezekanavyo wabaki, na ukapendekeza mabomba ya maji taka membamba, yanayozikwa kwa kina kifupi na kufuata vichochoro, mahali ambapo bomba kubwa la kawaida lingehitaji nyumba zivunjwe.

Korona inaingia kukiwa na daftari mezani

Kisa cha kwanza nchini kilitangazwa 13 Machi 2020. Kafyu ilianza tarehe 27 mwezi huohuo, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili 6 Nairobi ikafungwa, usitoke usiingie, hadi Julai 7. Kwa Mukuru masharti ya afya yalikaribia kuwa utani. Nawa mikono mara kwa mara, kwa maji ya mtungi unaonunua. Kaa mbali na mwenzako, katika chumba cha futi kumi kwa kumi mlimolala watano. Viwanda vikapunguza zamu, mama fua wakaambiwa wasije kwanza, na landlodi wengine wakang'oa milango ya waliochelewesha kodi.

Kwingineko jijini mambo yalikuwa mabaya zaidi, na inafaa kuyakumbuka kwa sababu ndiyo yanayopima kisa hiki. Tarehe 30 Machi, Kiamaiko, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao, polisi wakisimamia kafyu chini. Tarehe 10 Aprili, Kibera, watu walikanyagana wakigombea chakula cha msaada. Tarehe 4 Mei, Kariobangi North, tingatinga ziliziangusha nyumba za maelfu ya watu katikati ya janga, wakati ambapo taifa zima lilikuwa likiambiwa likae nyumbani.

Ule mkanyagano wa Kibera naufikiria sana. Chakula kilikuwepo, na njaa ilikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya kukifikisha mlango kwa mlango bila kuwakusanya wenye njaa mahali pamoja. Mukuru wawakilishi wa milango kumi walikuwa wameshachaguliwa kwa ajili ya mambo ya mitaro na barabara, na janga liliwakuta wakijulikana. Muungano na washirika wake waliupitia mtandao huo kueneza habari za kinga na kukusanya takwimu za mtaa. Sitaki kuipamba Mukuru: njaa ilikuwepo huko pia, na daftari halipikwi. Lakini kati ya mahali ambapo mtu anaweza kusema "milango hii kumi, wawili ni wazee wanaoishi peke yao, mmoja ana mgonjwa wa kifua" na mahali ambapo lori linapiga honi tu, mimi najua ningependa kuwa wapi.

Vitabu vya kusimamia majanga hupenda kupanga mambo kwa hatua: kwanza dharura, kisha kujijenga upya, na katika hatua hiyo ya pili ndipo wakazi huitwa. Mukuru inavuruga mpangilio huo. Kilichosaidia kujijenga baada ya korona kilikuwa kimetengenezwa miaka mitatu kabla yake, kwa sababu nyingine kabisa. Uaminifu kati ya majirani na mwakilishi wao haununuliwi kwa haraka wakati soko limefungwa.

Mpango wa wakazi, mtekelezaji mwanajeshi

Hapa kisa kinageuka kwa namna ambayo mtunzi wa hadithi angeogopa kuiandika. Tarehe 25 Februari 2020, kabla korona haijafika, kaunti ilikabidhi serikali kuu majukumu makubwa ya jiji, yakiwemo afya, uchukuzi na mipango. Machi ikaundwa Nairobi Metropolitan Services (NMS), ikiongozwa na Meja Jenerali Mohamed Badi. Haikuchaguliwa na mtu. Lakini ilihitaji kazi ya kuonyesha haraka, na mpango wa Mukuru ulikuwa kwenye kabati, umekamilika, umejadiliwa, una vipimo. Ikauchukua.

Kwa hiyo mpango ulioshirikisha watu kuliko karibu wowote katika historia ya mabanda ya Nairobi ulianza kutekelezwa na taasisi iliyojibu kwa Rais moja kwa moja. Visima vilichimbwa katika mitaa ya mabanda, Mukuru ikiwemo, na maji yakaanza kutoka bila kupitia kwa kateli. Barabara zikawekwa lami mahali ambapo gari la wagonjwa halikuwahi kufika. Agosti 2020 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza hospitali 24 zijengwe katika mitaa ya aina hii. Mtu aliyeshuhudia kaunti ikizungushana na faili kwa miaka hawezi kuudharau mwendo huo, na wenyeji niliowasikia wakiisifia lami hawakuwa wakijipendekeza.

Ila mwendo wa kijeshi una tabia yake. Unatekeleza ukurasa unaoupenda na kuuruka usioupenda. Lami, bomba na jengo la hospitali huonekana kwenye picha. Ukurasa wa ardhi, wa nani atabaki baada ya barabara kupandisha thamani ya ploti, wa kodi ya banda kupanda maji yakifika, huo hauna utepe wa kukata. Na mbele ya taasisi isiyochaguliwa, mwakilishi wa milango kumi hakuwa na mtu wa kumwondoa kwa kura.

Upande wa kipato, serikali ilitangaza Mei 23, 2020 mpango wa kufufua uchumi wa shilingi bilioni 53.7, na vijana wa mabanda wakaingizwa Kazi Mtaani, wakisafisha mitaro na njia. Awamu ya kwanza walilipwa shilingi 653 kwa siku. Ya pili, vijana walipoongezwa mno, ikashuka hadi 455. Kwa mtu aliyekosa kibarua tangu Machi hiyo ilikuwa unga wa siku, na mitaro iliyoziba miaka ilifunguka. Tatizo lilikuwa lilelile la mwanzo: nani ameandikwa. Kila mtaa ulikuwa na simulizi lake la jina lililopenya kwa mzee fulani. Machoni pangu fursa iliyopotea ni kuunganisha vitu viwili vilivyokuwa barabara moja. Hapa kuna vijana wanaolipwa kuchimba mitaro, hapa kuna mpango unaoonyesha mitaro inatakiwa kupita wapi na daftari la kila mlango. Majina ya vijana yangetoka kwa milango kumi, hadharani, majirani wakisikia, na porojo nyingi zingekwisha zenyewe.

Oktoba 2021

Kisha ikaja Oktoba 2021. Ili kupisha barabara ya Catherine Ndereba, tingatinga ziliingia Mukuru kwa Njenga na kubomoa nyumba, shule na biashara. Makumi ya maelfu ya watu walikosa makao ndani ya siku chache. Kafyu ilikuwa bado ipo. Iliondolewa tarehe 20 mwezi huo, Siku ya Mashujaa, watu wakiwa kwenye mahema ya maturubai juu ya vifusi vya nyumba zao. Wakazi walisema ubomoaji ulivuka mipaka ya barabara, ukasafisha ardhi ambayo wenye hati walikuwa wakiitaka. Desemba, walipojaribu kugawana viwanja na kujijengea upya mahali palepale, palizuka makabiliano na polisi na watu wakapoteza maisha.

Hebu lifikirie hilo kwa mtu aliyekuwa mwakilishi. Miaka minne umekaa kwenye vikao. Umewaambia majirani wako tisa kwamba safari hii ni tofauti, kwamba kuna tangazo la serikali, kwamba barabara zimepimwa ili watu wabaki. Halafu asubuhi moja tingatinga iko mlangoni kwako, na tangazo la 2017 halijafutwa na mtu yeyote. Utarudi kuitisha kikao gani?

Wachambuzi wengi hulitaja tukio hili kama doa kwenye kisa kizuri. Mimi naliweka katikati. Ushirikishwaji wa Mukuru ulikwenda mbali katika kila jambo isipokuwa lile lililoamua mengine yote. Wakazi waliulizwa maji yapite wapi, zahanati iwe wapi, njia iwe na upana gani. Juu ya nani anamiliki udongo walisikilizwa, kundi la sekta ya ardhi likafanya utafiti wake, kesi zikaendelea mahakamani, lakini uamuzi haukuwekwa kwenye meza waliyokaa wao. Anayekuuliza rangi ya mapazia huku hati ya nyumba iko mfukoni mwa mwingine hajakunyima heshima yote, ila usijidanganye kwamba mnapanga nyumba pamoja.

Walioachwa nje ya kumi

Kuna kasoro za ndani pia, nazo hazikuletwa na tingatinga.

Ya kwanza ni landlodi na mpangaji kukaa kikundi kimoja. Mwenye mabanda ana sababu ya kuhudhuria kila kikao, maana mali yake iko hatarini. Mpangaji akikosa kibarua cha siku moja, amelala njaa. Basi hata kikundi kikiwa na wapangaji tisa na mwenye mabanda mmoja, sauti hazilingani, na mpangaji anayedaiwa kodi hatampinga anayemdai mbele za watu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wahenga walisema. Tatizo ni kwamba anayewajua kunguni vizuri ndiye aliye kazini kikao kikianza saa nne asubuhi. Vikao vya Jumapili alasiri, baada ya kanisa, vingepata wengi zaidi, na vikao vya wapangaji peke yao vingesema zaidi.

Ya pili ni malipo. Mwakilishi hulipa kwa muda wake, salio lake la simu na urafiki wake na majirani. Mashirika yaliyokaa naye mezani yalikuwa na mishahara. Nimesikia hoja kwamba kumlipa kutamgeuza mtumishi wa mradi, na ina uzito wake, lakini inatolewa mara nyingi na watu wanaojaziwa mafuta ya gari. Kazi isiyolipwa kwa miaka mingi hubakia kwa aina mbili za watu: wenye moyo wa pekee, na wenye chao wanachokitafuta.

Ya tatu ni hatari ya daftari lenyewe. Jina lako likiandikwa na namba ya mlango, na ya simu, na idadi ya watoto, linaweza kukuletea maji. Linaweza pia kufikia mikono ya mtu anayetaka kujua ni nani wa kumwondoa. Sheria ya Kulinda Data ilipitishwa 2019, mwezi Novemba, miezi minne tu kabla ya korona. Mkazi asiye na kitambulisho, au mgeni kutoka nchi jirani, hakuihitaji sheria kumwambia awe na wasiwasi. Yeye alikaa kimya tu mwandikishaji alipopita. Hao hawamo kwenye hesabu ya kaya 100,000, na ndio ambao janga liliwakuta pabaya zaidi.

Daftari linalozeeka

NMS ilifikia kikomo chake 2022 na majukumu yakarudi kwa kaunti. Masika ya 2024 yakaleta mafuriko. Tarehe 30 Aprili 2024 serikali iliamuru walio kando ya mito na mabwawa waondoke, na ubomoaji ukafuata Mathare, Mukuru na kwingine, mita 30 kutoka mtoni zikipimwa kwa jicho la dereva wa tingatinga. Familia zilizoondolewa ziliahidiwa shilingi 10,000 kila moja. Orodha tena, na maswali yaleyale ya 2020.

Hesabu ya kaya ya Mukuru ilifanywa kwa ajili ya mpango wa 2017. Kwenye mtaa wa wapangaji, daftari la zaidi ya miaka saba ni kumbukumbu ya watu waliohama. Mpango wowote wa kujijenga upya unaotegemea majina hayo utamlipa asiyekuwepo na kumkosa aliyepo. Kwa hiyo kama ningeulizwa shilingi ya kwanza ya maandalizi ya janga lijalo iende wapi, nisingeitaja hospitali wala kisima. Ningeipeleka kwenye kalamu: mtu wa kupita milango ileile kila baada ya miezi mitatu, aliyechaguliwa na wenye milango, na anayeweza kuondolewa nao.

Na mtu huyo, kwa nusu yake, tayari yupo. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini, kila mmoja na begi la vifaa na simu ya kuandikia habari za kaya, wakilipwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Kila mmoja hupangiwa kaya kama mia moja. Kundi la Tujuane Tujengane juu ya milango kumi lilikuwa la kaya mia moja pia. Wataalamu wa mipango ya jiji na watu wa afya walifika kwenye namba moja kwa njia mbili tofauti, wakiwa katika jiji moja, na sehemu nyingine ndani ya vichochoro vilevile. Mhudumu anajua nani ana kisukari, nani amejifungua, nani amehamia juzi. Wawakilishi kumi wa kundi hilohilo wanajua mtaro unafurikia kwa nani na kodi imepanda kwa kiasi gani. Siri za wagonjwa zibaki kwa mhudumu, hilo halina mjadala. Lakini hesabu ya milango, na wakati gani yule wa saba alihama, wanaweza kuiweka pamoja Jumapili moja kwa mwezi, chini ya bati lolote lenye kivuli.